Bukini wa Hangzhou: kisa cha Liang na Zhu

Haya wapendwa, nimefika. Upepo mkali, sauti ikikatika mnivumilie. Leo simu kanishikia mwenzangu wa darasani, mwaka wa pili huu tunasoma pamoja, kwa hiyo picha ikitikisika mlaumuni yeye.

Hiki kidaraja nyuma yangu mnakiona? Hatua chache umekimaliza, ila jina lake Changqiao, yaani Daraja Refu. Wenyeji wa hapa Hangzhou, China, wanasema waliolirefusha ni wapenzi wawili, waliosindikizana hapa, nenda rudi, mara kumi na nane.

Ndio Liang Shanbo na Zhu Yingtai. Enzi za Jin Mashariki, miaka 1,600 hivi iliyopita, binti hapelekwi shule. Yingtai akavaa kiume, akaja kusoma hapa na Shanbo miaka mitatu. Miaka mitatu, jamani, na kaka wa watu hakushtuka!

Mwisho wake nausema haraka. Baba anamwoza binti kwa kijana wa ukoo wa Ma. Shanbo anakuja kujua ukweli kachelewa, anaugua, anakufa. Msafara wa harusi unapita kaburini, radi inapiga, kaburi linafunguka, Yingtai anajitosa, wanatoka vipepeo wawili.

Mimi hapo silii. Mimi naumia kwenye kusindikizana. Yingtai anarudi kwao, na njia nzima anamfumbia. Wakichungulia kisimani anasema, tazama, mwanamume na mwanamke. Shanbo anakasirika, mbona unanifanya mwanamke? Wakifika mtoni, bata bukini wawili wanaelea. Binti anasema, dume liko mbele, jike nyuma linaita "kaka, kaka". Shanbo anajibu, mbona sijasikia bukini kufungua mdomo? Binti akachoka: jike linakucheka wewe, bukini zuzu!

Kisa hiki kimepigwa hadi kwa fidla. Mwaka 1959 wanafunzi wawili wa chuo cha muziki Shanghai, He Zhanhao na Chen Gang, walikitungia muziki wa okestra: fidla ni Yingtai, cello ni Shanbo, na kuna mahali zinaongea kama watu wanaoagana. Na mwaka 1954 Zhou Enlai, waziri mkuu wa China, aliwaonyesha wageni filamu ya kisa hiki kule Geneva. Wasaidizi wakaandika maelezo marefu. Akawaambia, andikeni tu Romeo na Juliet wa China.

Lakini utamu wenyewe uko kwenye opera ya Yue, ya huku huku mkoani Zhejiang, ambayo kwa kawaida hata wanaume huigizwa na wanawake. Jana pale kibandani kando ya ziwa bibi mmoja, miwani puani, chupa ya chai miguuni, spika ndogo pembeni, alikuwa Shanbo. Alivyokunja uso kwa kutoelewa, nilisahau kabisa kwamba ni bibi.

Alipomaliza akaniita, akaniuliza kama nimeolewa. Nikasema bado. Akamtazama huyu anayenishikia simu, akacheka mpaka akavua miwani, akasema neno moja: bukini.

Na mwenzenu tangu jana ananiuliza bibi alisema nini.