Waliohesabu Habari Moja Moja

HAMISI: Karibuni wasikilizaji. Leo tuko Marekani, kwa NAHJ, chama cha kitaifa cha waandishi wa habari Walatino, yaani Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Dada Mwanaidi, kilianza lini?

MWANAIDI: Kiliundwa 1984. Ila mimi, kaka, huwa naanzia Los Angeles, Agosti 29, 1970. Wamarekani wenye asili ya Mexico wameandamana kupinga vita vya Vietnam. Mwandishi wa habari Rubén Salazar ameingia baa ya Silver Dollar na wenzake. Askari wa sherifu akafyatua kombora la gesi ya machozi kupitia mlangoni, likampata kichwani. Akafa, miaka 42.

HAMISI: Na alikuwa mtu mzito kwenye fani.

MWANAIDI: Mzito hasa! Mwenye safu yake Los Angeles Times, halafu mkurugenzi wa habari wa KMEX, televisheni ya Kihispania. Hakuna aliyeshtakiwa hadi leo. Inaniuma. Miaka miwili baadaye wanahabari wa California wakaunda chama chao, kisha kikaja hiki cha nchi nzima, kikaanzisha mfuko wa masomo wenye jina la Salazar.

HAMISI: Kwa hiyo kijana wa chuo anasaidiwa ada.

MWANAIDI: Ada, mafunzo, na mkutano wa kila mwaka ambako wahariri huja kutafuta waandishi wa kuajiri. Hayo vyama vingi hufanya. Wao walifanya na hili: waliketi wakapitia taarifa za habari za jioni za televisheni kubwa, habari baada ya habari, kuona ngapi zinawahusu Walatino. Miaka nenda rudi ikawa haifiki asilimia 1.

HAMISI: Wakati sensa ya 2000 ilionyesha ni zaidi ya asilimia 12 ya watu!

MWANAIDI: Na hizo chache, nyingi zilikuwa za uhalifu na uhamiaji. Mwalimu, muuguzi, mwenye duka, hawakuonekana. Ukimwambia mhariri "mnatusahau", atakwambia ni maoni yako. Ukimwekea hesabu mezani, inabidi ajibu.

HAMISI: Halafu? Maana hesabu peke yake haimwajiri mtu.

MWANAIDI: Ndiyo maana mwaka 2003, rais wa chama akiwa Juan González wa Daily News ya New York, wakaanza kushirikiana na magazeti yenye Walatino wachache kwenye chumba cha habari. Gazeti likasaidiwa kupata waandishi, na wahariri wakakutanishwa na wakazi, waambiwe uso kwa uso wanachokosea.

HAMISI: Hapo kwa wakazi ndipo nguvu ilipo, naona. Mwandishi mmoja akiajiriwa anaweza kuhama kesho.

MWANAIDI: Wakazi wanabaki, lakini usimdharau huyo mmoja. Ndiye anayeijua lugha yao, na ndiye watakayempigia simu usiku jambo likitokea mtaani.