Msitu wa Tyrus Wong

Ndugu zangu wachoraji, walimu wetu, na nyote mliofika jioni hii, karibuni na asanteni.

Picha mnayoiona ukutani nitaiacha hapohapo mpaka nimalize. Miti mirefu, kila kigogo kimepigwa brashi mara moja tu kutoka juu kwenda chini. Katikati ukungu umemeza kila kitu. Chini kabisa, mdogo kama ukucha wa kidole gumba, amesimama ayala, mnyama wa jamii ya paa mwenye pembe za matawi. Manyoya hayakuchorwa. Kwato hazikuchorwa. Na bado mnamtambua, na baridi ya msitu ule mnaihisi.

Mkono uliochora hivi ni wa Tyrus Wong. Mwaka 2013 Makumbusho ya Familia ya Walt Disney, mjini San Francisco, Marekani, yalimwandalia maonyesho yaliyoendelea hadi Februari 2014. Mwenyewe alikuwa hai, mzee wa miaka 102 siku yalipofunguliwa. Jina la maonyesho liliunganisha maji na karatasi, rangi na anga, na maji hayo yana kisa chake.

Tyrus alizaliwa mwaka 1910 huko Taishan, kusini mwa China. Walipohamia Marekani, baba yake alimfundisha kuandika herufi za Kichina kwa brashi kila usiku. Pesa ya wino na karatasi haikuwepo. Basi mtoto alichovya brashi kwenye maji, akaandika juu ya gazeti kuukuu. Hebu fikirieni: herufi inang'aa kidogo, inakauka, imetoweka. Hakuna cha kufuta wala cha kurekebisha. Ukikosea umekosea, na ukipatia pia hubaki na ushahidi. Mkono pekee ndio unaokumbuka. Mimi naamini miti hii ya ukutani ilianzia kwenye magazeti yale.

Kuingia kwenyewe Marekani kulikuwa jaribu. Tangu mwaka 1882 sheria ilikuwa imewafungia mlango Wachina walio wengi. Lakini tetemeko la mwaka 1906 na moto wake viliteketeza rekodi za watu waliozaliwa San Francisco, kwa hiyo Wachina wengi wakadai kuwa wamezaliwa palepale, na wengine wakaingia kama watoto wao kwa hati za kununua. Wong na baba yake walifika tarehe 30 Desemba 1920 wakiwa na majina ya hati za namna hiyo. Mtoto aliitwa Look Tai Yow. Alizuiliwa Angel Island, kisiwa kilicho katika ghuba ya San Francisco. Baba aliruhusiwa kutoka mapema. Yeye, mtoto wa miaka 10, akabaki peke yake wiki kadhaa, akihojiwa na maofisa waliokuwa wakitafuta kosa katika majibu yake. Mama yake alibaki China, na mtoto hakumwona tena maishani. Baadaye mwalimu shuleni alilipinda lile jina la Tai Yow likawa Tyrus. Kwa hiyo hata jina lililoandikwa kwenye mlango wa maonyesho lilitokana na hati ya uongo. Mji uliomfungia kisiwani akiwa mtoto ndio uliomtundikia picha zake akiwa mzee.

Sasa kazi yenyewe. Filamu ya katuni hupita mikononi mwa watu mamia. Ili wote wachore msitu mmoja, lazima awepo mtu aliyeuona msitu huo kabla yao. Huyo ndiye mchoraji wa dhana. Picha zake hazikukusudiwa kuonwa na mtazamaji: zinapita studioni, zinawaongoza wengine, kisha zinawekwa kabatini.

Tyrus aliingia studio ya katuni ya Disney mwaka 1938 akapewa kazi ya kuchora picha za katikati, zile zinazojaza mwendo kati ya mkao mmoja na mwingine. Kazi ya kuumiza macho. Akasikia studio inatengeneza Bambi, filamu ya katuni ya mtoto wa ayala, na imekwama. Mandhari yalikuwa yamechorwa jani kwa jani, kiasi kwamba ayala walipotea ndani yake. Hakuagizwa na mtu. Alisoma riwaya ya Felix Salten, akachora picha ndogondogo nyumbani, akampelekea Tom Codrick, mkurugenzi wa sanaa. Kutoka hapo zikamfikia Walt Disney, na filamu nzima ikageuka kufuata ukungu wake.

Watu husema alichora hivyo kwa kuwa ni Mchina. Mimi sikubali. Alisomea uchoraji wa Kimagharibi katika chuo cha Otis, Los Angeles, huku akifanya usafi ili aweze kusoma, na michoro ya enzi ya Song, ya China ya kale, aliifuata maktaba, akiifungua kurasa kwa kurasa. Alijifunza. Tukisema ni damu, tunamnyang'anya jasho lake.

Mwaka 1941 aliachishwa kazi baada ya mgomo wa wafanyakazi, ingawa yeye hakugoma. Bambi ilitoka mwaka 1942, na jina lake likawekwa miongoni mwa wachoraji wa mandhari tu. Akahamia studio nyingine ya filamu, Warner Bros., akachora huko hadi alipostaafu mwaka 1968.

Na anga? Uzeeni alitengeneza vishada kwa mikono yake: mbayuwayu, vipepeo, tandu mrefu wa futi 100. Alivirusha ufukweni Santa Monica, na watoto walikuwa wakimzunguka bila kujua kwamba mzee huyu ndiye aliyewachorea msitu wanaoukumbuka.

Taa naomba zibaki zimezimwa kidogo. Sogeeni mbele, mmoja mmoja, mtafute jicho la yule ayala.