Ukimchukua Mama, Umechukua na Kesi

Habari zenu, watu wa Kondele, Nyalenda, mpaka Ahero na Maseno. Nimetoka shifti ya usiku, kwa hiyo mkiona macho mekundu msidhani ni raha ya Uingereza.

Kazi yangu mnaijua, kutunza wazee. Huku mzee asiyejiweza anageuzwa kitandani asipate vidonda vya kulalia, na kila mara unaandika saa, alichokunywa, ngozi ya mgongo ikoje. Si eti Wazungu wana huruma kutuzidi. Kuna sheria ya 2015: mtunzaji wa kulipwa akimtelekeza mgonjwa makusudi, anaweza kufungwa hadi miaka 5. Na kampuni iliyomwajiri inaweza kushtakiwa pia, kama uzembe wake ndio ulioacha hayo yatokee.

Wengine mnadhani Kenya hatuna kitu hicho. Tunacho! Kifungu cha 216 cha Kanuni ya Adhabu: ukiwa na mtu mikononi mwako ambaye kwa uzee, ugonjwa au akili hawezi kuondoka kwako wala kujipatia mahitaji, ni juu yako kumpa. Uwe uliajiriwa, uwe ulimchukua mwenyewe. Yaani yule shemeji aliyesema "leteni mama kwangu Migosi," akamhamisha pamoja na pensheni yake, ameshaingia kwenye kifungu hicho. Mama akifa kwa njaa, inaweza kuwa kesi ya kuua bila kukusudia, na adhabu yake hufika kifungo cha maisha.

Lakini nyinyi mnakimbilia kumlaumu msichana wa kazi. Hakuna aliyemwonyesha namna ya kumgeuza mgonjwa wa kiharusi. Mmemwachia na ng'ombe, na watoto wa kaka yenu. Mshahara umechelewa, pampasi zimeisha tangu Jumanne, akipiga simu hamshiki. Huyo mimi simwiti mzembe. Nawatazama nyinyi mabosi wa M-Pesa mlioko Leeds na Dallas. Hiyo nyumba ingekuwa kampuni ya huku, wa kwanza kuhojiwa angekuwa nani?

Basi mkimpigia mama simu ya video, msiishie usoni, atawachekea tu. Ombeni ageuzwe muone mgongo, makalio na visigino. Kwa ngozi yetu nyeusi, kidonda kikianza usingoje wekundu. Angalia palipobadilika rangi, pagumu au pa moto kuliko pengine. Ukipaona, mhudumu wa afya ya jamii afike leo hii.

Na kama amefungiwa ndani bila chakula, nendeni polisi. Mtaambiwa hayo ni mambo ya familia, kaeni chini mzungumze. Msikae.