Kabla Hujachimba Kisima Kingine, Teremsha Kipimo

Ndugu zangu wachimbaji, wenyeviti wa kamati za maji, na nyinyi wenye visima vya kuuzia maboza, asanteni kwa kuja. Habari za mvua kuzama ardhini mnazijua, nazipita. Kilio changu ni kilekile cha siku zote: tunachimba, tunavuta, hatupimi.

Chukueni pwani yetu hii ya Dar es Salaam. Chini ya mchanga, maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yanaelea juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi, maana lita ya maji baridi ina gramu 1,000 na ya bahari kama 1,025. Kutokana na tofauti hiyo ndogo, Badon Ghyben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani walipata hesabu zaidi ya miaka 100 iliyopita: kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inakaa juu ya mita 40 hivi za maji baridi zilizo chini ya usawa huo. Basi kama maji kisimani yamesimama mita 1.5 juu ya usawa wa bahari, chini yake mna kama mita 60 za maji baridi. Yashusheni nusu mita yabaki hapo, na chumvi itapanda taratibu mpaka imekula mita 20. Nusu mita! Dhiraa moja! Na haipandi kwa siku moja, inaweza kuchukua miezi au miaka, ndiyo maana mwenye kisima hasadiki mpaka chai imemshinda kunywa. Lita 2 za maji ya bahari katika lita 100 zinatosha kuharibu ladha.

Najua mtu anasema moyoni: mbona jirani yangu ana kisima cha mita 80 na maji yake matamu? Jirani anajaza simtanki moja asubuhi, anazima. Wewe unajaza maboza usiku kucha. Tena huenda chini yake kuna udongo wa mfinyanzi unaomkinga, na chini yako haupo. Mita 80 za jirani si kipimo cha kisima chako.

Linaloniudhi kuliko yote ni hili: maji yakianza chumvi, mchimbaji anashauri tuongeze kina. Ndugu yangu, unamfuata adui nyumbani kwake! Pandisha pampu, punguza kasi ya kuvuta, au gawa kazi kwa visima viwili vifupi vilivyoachana.

Kupima si kazi ya maabara. Siku ya kufunga pampu, shusha sambamba nayo bomba la PVC la inchi 1, lenye matundu sehemu ya chini na kizibo mwishoni, liishie juu kidogo ya pampu. Bila bomba hilo, utepe wa kupimia utajizungusha kwenye waya wa pampu na utakatika. Pima alfajiri kabla ya kuwasha, kisha pima tena pampu ikiwa imefanya kazi saa kadhaa, kila mara kutoka alama ileile mdomoni mwa kisima. Andika tarehe. Pima na uwezo wa maji kupitisha umeme, maana chumvi ikizidi nao unazidi: ukipanda msimu hadi msimu, kutoka maikrosimensi 800 kwa sentimita kwenda 1,200, usingoje ulimi ukwambie.

Wachimbaji, acheni kumpa mteja cheti kwa jaribio la kuvuta maji kwa muda wa saa 3 tu. Kwanza vuta kwa hatua, kasi ikiongezeka, kisha vuta mfululizo saa 24, na kwa kisima cha mji saa 72. Halafu zima, pima maji yanavyorudi. Msiliruke hilo: yasiporudi yalipokuwa, mmemuuzia mtu akiba itakayokwisha, si mkondo unaojazwa.

Mtu atasema: "Sheria ipo." Ipo, ya usimamizi wa rasilimali za maji, ya mwaka 2009, na kibali cha bodi ya maji ya bonde la mto kinataja kiasi cha kuvuta. Nani anasoma mita? Tazameni visima vya Makutupora, kaskazini ya Dodoma. Kwa sababu kina cha maji kimeandikwa tangu miaka ya 1950, tunajua kwamba maji yale hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa, kama El Niño ya 1997/98, na katikati yanashuka tu. Asingeandika mtu, tungedhani kila masika yanarudisha.

Naonyeshwa saa, basi kwa haraka. Mkitoboa udongo wa mfinyanzi, jazeni saruji pembezoni mwa bomba la kisima, la sivyo maji ya vyoo vya juu yanateremka hadi tabaka la chini. Kisima kilichokufa kijazwe mfinyanzi na saruji, si takataka.

Utepe uko hapa mezani. Kisima cha jengo hili kiko nyuma, pampu imezimwa tangu jana jioni. Wachimbaji, tukutane pale saa nane.