Swali Liliandikwa na Nani? Little Rock na Kura Mbili za Shule, 1958 na 1959

Mabibi na mabwana,

Little Rock, mji mkuu wa jimbo la Arkansas nchini Marekani, ikitajwa, wengi hukumbuka Septemba 1957: wanafunzi tisa weusi, Gavana Orval Faubus akiwazuia kwa askari wa jimbo, kisha Rais Eisenhower akituma wanajeshi kuwaingiza Central, sekondari iliyokuwa ya wazungu. Hayo yameshaelezwa sana. Leo nazungumzia mwaka uliofuata, kwa sababu humo ndimo unapoona wananchi walivyojipanga, wa upande huu na wa upande ule.

Wapinzani wa kuchanganya weusi na wazungu shuleni ndio waliotangulia. Ligi ya Akina Mama ya Central iliundwa Agosti 1957, shule zikiwa hazijafunguliwa. Ukiwachukulia kama wahuni wa barabarani tu, hutaelewa nguvu yao. Walikusanya saini, wakamwandama gavana, wakaenda mahakamani kuomba zuio.

Tarehe 12 Septemba 1958 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuahirisha uchanganyaji wa rangi shuleni. Siku hiyohiyo Faubus alitia saini sheria ya kufunga shule. Sekondari nne zikafungwa: Central, Hall, Tech, na Horace Mann iliyokuwa ya weusi. Wanafunzi zaidi ya 3,600 wakabaki nje. Walimu, kwa kuwa mikataba yao ilikuwa hai, walilipwa mshahara na kwenda kukaa kwenye madarasa matupu.

Wananchi walipaswa kupiga kura kuhusu jambo hilo, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Hawakuulizwa kama wanataka shule zifunguliwe. Waliulizwa kama wanaunga mkono kuchanganya rangi katika shule zote za wilaya, au wanapinga. Hakuna mahakama iliyokuwa imeagiza zote kwa mkupuo. Mpango wa bodi ya shule za wilaya ulikuwa wa hatua kwa hatua. Mwenye kuandika swali alikuwa ameshaandika nusu ya jibu. Tarehe 27 Septemba kura 19,470 zilipinga, 7,561 zikaunga mkono.

Siku 11 kabla ya kura hiyo, Adolphine Fletcher Terry, bibi wa miaka 75 wa ukoo mashuhuri, alikuwa ameanzisha na Vivion Brewer na Velma Powell Kamati ya Dharura ya Wanawake ya Kufungua Shule Zetu. Mkutano wa kwanza ulihudhuriwa na wanawake 58. Walitangaza kwamba hawatetei kuchanganya wala kutenganisha, wanatetea elimu. Orodha ya wanachama ilifichwa, maana mume wa mwanachama angeweza kupoteza kazi au wateja.

Septemba walishindwa. Hawakutawanyika, na hilo ndilo lililowafaa. Arkansas wakati ule ilidai kodi ya kura, na waliolipa ndio waliokuwa na haki ya kupiga kura. Akina mama wa kamati wakatengeneza faili la kadi za wapiga kura, wakawapanga makundi matatu: watakatifu, wenye dhambi, na wanaoweza kuokolewa. Uzuri wa mpango huu ni kwamba humpotezei mwenye dhambi muda, wala humhubirii mtakatifu. Mtakatifu unampigia simu siku ya kura na, ikibidi, unampelekea gari. Maneno yako yote unamwekea yule wa tatu.

Fursa ililetwa na wapinzani wenyewe. Tarehe 5 Mei 1959 bodi ya watu sita iligawanyika tatu kwa tatu. Watatu wa msimamo wa kati walitoka ili akidi ivunjike. Waliobaki, wabaguzi watatu, wakajitangaza kuwa wanatosha, wakawafukuza kazi walimu na watumishi 44 walioshukiwa kuunga mkono uchanganyaji. Hilo lilikuwa kosa lao kubwa, kwa sababu liliwapa akina mama wa kamati swali jipya. Mzazi aliyeogopa mjadala wa rangi hakuona aibu kumtetea mwalimu wa mtoto wake.

Siku chache baadaye wafanyabiashara waliunda kundi la STOP (kifupi cha Kiingereza cha "Komesha Ufukuzaji Huu wa Kuchukiza") kudai wale wabaguzi watatu waondolewe kwenye bodi kwa kura. Wabaguzi wakajibu kwa CROSS (Kamati ya Kudumisha Shule Zetu Zilizotenganishwa), nao wakadai wale watatu wa msimamo wa kati waondolewe. Matokeo yake karatasi moja ya kura ikabeba majina sita, na mpiga kura alitakiwa kusema "aondoke" mara tatu na "abaki" mara tatu. Kura ya namna hiyo huharibika kirahisi. Mtu akikasirika huwaondoa wote. Wanaume wa STOP ndio walioonekana magazetini, lakini kadi, simu na hodi za nyumba kwa nyumba zilikuwa za akina mama.

Tarehe 25 Mei wabaguzi watatu, McKinley, Laster na Rowland, waliondolewa kwa kura chache. Wale wa msimamo wa kati, Tucker, Matson na Lamb, wakabaki. Ushindi ulitoka mitaa ya wazungu wenye uwezo pamoja na mitaa ya weusi.

Kuhusu kura hizo za weusi, kamati inastahili lawama. Ilizihitaji, lakini haikupokea mwanachama mweusi hata mmoja, ikihofia kuwapoteza wazungu wenye kusitasita. Terry mwenyewe awali alitaka chombo cha kushughulikia uhusiano wa rangi, akaliweka wazo hilo kando. Shule zilipofunguliwa tarehe 12 Agosti 1959, wabaguzi waliandamana kuelekea Central na polisi wakawatawanya kwa mipira ya maji ya zimamoto. Ndani ya Central na Hall, wanafunzi weusi waliokubaliwa walihesabika kwa vidole, kwa kuwa bodi ile iliyookolewa ilitumia sheria ya kupanga mwanafunzi mmojammoja, na ombi la mtoto mweusi lilikataliwa bila kutaja rangi yake popote.