Kinachoshika ni Nini? Mhadhara kwa Mafundi na Wanafunzi wa Mwanza

Mwangaluka! Wazee wangu wa mwaloni, shikamooni. Mama zangu mliofunga vibanda asubuhi hii ili mje kusikiliza, ahsanteni sana. Mafundi na wanafunzi, karibuni.

Swali ninaloulizwa kila ninapokutana na mafundi ni moja: "Mwalimu, gundi ipi ni bora?" Kwa namna hiyo halijibiki. Anayeuliza gundi ipi amelianzia jambo katikati. Linalotangulia ni hili: pale kwenye kiungo, kinachoshika ni nini? Na kwa sisi tunaokaa kando ya ziwa, kuna la pili lisiloepukika: maji yakishafika hapo, kitabaki nini?

Chukueni sahani ya udongo iliyovunjika vipande viwili. Vipande vinaoana kabisa, hata jicho halioni ufa. Vibaneni kwa nguvu zenu zote, kisha viachieni. Vinaanguka. Muda mfupi uliopita vilikuwa kitu kimoja, udongo ni uleule, umbo ni lilelile. Kimepotea nini?

Ndani ya kitu kigumu, atomi zimeshikana kwa elektroni zake. Katika vitu vingine atomi mbili huchangia elektroni. Katika vingine moja humwachia mwenzake, kisha zinavutana kama chanya na hasi. Katika chuma na shaba, elektroni huzunguka huru na kuzishika atomi zote kwa pamoja. Hivyo ndivyo vifungo vya kikemikali, na nitaviita mikono ili tuelewane. Sahani ilipovunjika, mikono isiyohesabika iliachana. Na mkono wa atomi haukai wazi: mvuke wa maji na oksijeni ya hewani viliudaka papo hapo. Vipande vyenu vinapokutana tena, mikono imekwisha kushikwa na wengine.

Kuna jambo jingine. Uso mnaouona laini, chini ya hadubini ni vilima na mabonde. Nyuso mbili zikikutana hugusana kwenye vilele vichache tu, na kwingine kote kuna nafasi. Mkono wa atomi haufiki hata nanomita moja. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita, na unywele mmoja wa kichwani una unene wa nanomita kati ya 50,000 na 100,000. Kwa hiyo pengo ambalo jicho halilioni, kwa atomi ni mbali mno.

Ndiyo maana kila kiunganishi, iwe saruji, lehemu au gundi, huanza kikiwa kimiminika. Sharti kitambae, kiingie kwenye mabonde, kiguse kila mahali, halafu ndipo kigande. Kisipotambaa, hakuna kilichofanyika. Jaribuni wenyewe: dondosheni tone la maji kwenye mbao kavu iliyopigwa msasa, litatanda na kunywewa. Dondosheni jingine kwenye mbao iliyoguswa na mafuta ya sangara, litakaa duara juu yake. Gundi nyingi hazitaupenda uso ule kama maji yasivyoupenda. Kwa maoni yangu, viungo vingi vinavyolaumiwa kuwa "gundi feki" vimekufa hapo, kabla kopo halijafunguliwa.

Sasa tuangalie namna za kushika. Kifungo cha kikemikali kati ya kaboni na kaboni kina nguvu ya kilojuli 350 hivi kwa moli, yaani kwa idadi maalumu ya vifungo. Kifungo cha hidrojeni, kile kinachozifanya molekuli za maji zivutane, ni kama 20. Chini yake kabisa kuna nguvu za van der Waals, zilizopewa jina la Johannes van der Waals wa Uholanzi, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1910. Hizi zipo kati ya molekuli zote, bila ubaguzi, lakini ni dhaifu na hufifia haraka mno umbali unapoongezeka. Halafu kuna njia isiyohitaji kemia hata kidogo: kitu kinajinasa ndani ya kingine, kama uzi ndani ya kitambaa au msumari ndani ya mbao.

Mwanza tuna bahati ya kuona njia mbili za mwisho kwa macho, bila maabara. Nendeni kisiwani Saanane, au mwamba wowote hapa mjini, jua likishapanda. Mtamwona yule mjusi dume mwenye kichwa na shingo nyekundu, mwili wa buluu. Wataalamu wanamwita Agama mwanzae, jina la mji wetu. Anapanda jiwe lililosimama wima bila shida. Mwangalieni miguu: ana kucha. Itale, mwamba wetu huu, ni punje za kwazi, feldispa na mika zilizobanana, na uso wake una vijitundu na kingo kila mahali. Kucha zinajinasa humo. Mwekeni juu ya glasi safi, atateleza.

Usiku, ndani ya nyumba, mwangalieni mjusi kafiri kwenye kioo cha dirisha. Hana pa kunasa kucha, na hatoi ute wowote wa kunata. Vidole vyake vina vinywele vidogo mno, na ncha ya kila kinywele imegawanyika mamia ya mara. Katika jamii moja kubwa ya Asia iliyochunguzwa sana, kila mguu una vinywele vipatavyo nusu milioni. Mwaka 2000, Kellar Autumn na wenzake huko Marekani walifaulu kupima mshiko wa kinywele kimoja, na miaka miwili baadaye walionyesha kuwa kinachoshika ni zile nguvu za van der Waals, zile dhaifu kuliko zote. Ncha ni laini na nyembamba kiasi cha kuukaribia uso kwa umbali wa nanomita chache, na ziko nyingi sana. Udhaifu ukizidishwa mara nyingi hivyo, unabeba mjusi mzima akiwa ameinamisha kichwa chini. Lakini lowesheni kioo na nyayo zake ziloe kabisa, mshiko unapungua sana, kwa sababu maji yamejiweka katikati. Yule wa mwambani hana wasiwasi huo, maana kucha haijali unyevu kwa kiasi hicho.

Shikeni hapo, kwa kuwa mtumbwi wa mbao unaishi kwa kanuni ya yule wa mwambani. Mzee wa mwaloni akiunda mtumbwi hatumii gundi ya mbao ile nyeupe, na yuko sahihi. Gundi ile huingia kwenye vitundu vya mbao na kuishika selulosi, nyuzinyuzi za mbao, kwa vifungo vya hidrojeni. Kwenye kiti cha sebuleni inashika kiasi kwamba ukivunja, mbao hupasuka kabla ya kiungo. Ila molekuli za maji nazo zina vifungo vya hidrojeni, na zikifika zinachukua nafasi ya gundi, mkono mmoja baada ya mwingine. Mtumbwi hushikwa na misumari. Msumari ukiingia husukuma nyuzi za mbao pembeni, nyuzi zinataka kurudi, zinaubana. Baadaye fundi anakalafati: anajaza pamba kwenye maungio kwa patasi na nyundo. Mtumbwi ukishushwa majini, mbao hunywa maji na kuvimba kwa upana wake, urefu haubadiliki sana. Maungio yanajibana, pamba inakandamizwa, na maji yaleyale yaliyokuwa yaingie ndiyo yanayoziba njia. Mtumbwi ulioachwa juani wiki nyingi huvuja siku ya kwanza kwa sababu hiyohiyo. Kwangu huu ni uhandisi wa hali ya juu, na sipendi kuusikia ukiitwa wa kizamani.

Na kijana anayetumia mbao mbichi aelewe: mbao ikikauka husinyaa, na ule mkandamizo juu ya msumari unapungua. Msumari uleule, mbao ileile, mshiko haupo.

Boti za faiba ni habari nyingine. Pale tuna nyuzi za glasi na resini. Resini haikauki kama nguo, inabadilika kikemikali mkishachanganya hadena, dawa ya kuigandisha: minyororo yake ya molekuli inafungana na kuwa wavu mmoja usioyeyuka. Tatizo ni glasi. Glasi kwa sehemu kubwa ni silikoni na oksijeni, na uso wake unayapenda maji kuliko unavyoipenda resini. Mngeweka nyuzi tupu, maji yangepata ufa mdogo, yakatambaa ndani kando ya nyuzi na kuzibandua. Kwa hiyo kiwandani nyuzi hupakwa sileni, molekuli yenye mikono miwili tofauti. Mmoja hufunga kifungo cha kikemikali na glasi, wa pili hufunga na resini. Tabaka lake ni jembamba mno, lakini lisingekuwepo, boti isingedumu ziwani. Sasa fikirieni fundi anayeacha nyuzi hizo wazi kwenye vumbi na mafuta, au anayemimina resini wakati wa manyunyu. Mkono wa sileni unadaka uchafu, na chombo kinaonekana kizuri hadi msimu wa pili.

Saruji nayo haikauki. Nalisema hili kila mahali na nitaendelea. Tangu Joseph Aspdin wa Leeds apate hataza ya saruji ya Portland mwaka 1824, kazi yake ni ileile: inakula maji. Silikati za kalisi zinaungana na maji na kuwa jeli inayojaza nafasi na kuotesha fuwele zinazosokotana. Zege huganda hata chini ya ziwa. Ukiacha kumwagilia siku ya pili kwa sababu "limeshakauka", umelinyima chakula, na nguvu ambayo zege linatakiwa kuifikia siku ya 28 hutaiona. Tofali kavu nalo lilowesheni kidogo kabla ya kulijenga, la sivyo litanyonya maji yote ya udongo wa saruji.

Kati ya saruji na nondo kuna gundi kidogo ya kikemikali, ambayo huachia mara tu nondo inapoanza kuvutwa. Halafu ukubwa wa kazi unabebwa na yale meno ya nondo, yanayoliegemea zege. Hiyo ni kunasa tena. Pia chuma na zege hupanuka kwa joto kwa kiasi kinachokaribiana sana, na bila hilo mchana na usiku vingetengana. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lenye urefu wa kilomita zipatazo 3 juu ya maji yetu, linategemea meno hayo na ukaribu huo wa tabia.

Nyumba zetu nyingi zimekaa juu ya itale. Mnaotoboa mwamba na kusimika nondo kwa saruji, nisikilizeni vizuri hapa. Tundu likishatobolewa limejaa unga. Mkimimina saruji juu ya unga, mmeushika unga, na unga haujaushika mwamba. Pulizeni, osheni kwa brashi, pulizeni tena mpaka maji yatoke safi. Ukuta laini mnaotaka kuupiga lipu udonoeni kwa tindo kwanza, ufagieni, ulowesheni. Dakika hizo za kusafisha ndizo kazi yenyewe.

Mwenye shaka akakae na fundi baiskeli, Mwanza hawakosekani. Anatafuta tundu, anakwangua mpira mpaka uwe mweusi usiong'aa. Hapo ameondoa uchafu na kuongeza uso. Anapaka gundi nyembamba, na hambandikii mtu kiraka hapohapo hata awe na haraka ya kuwahi feri. Anangoja kiyeyushi kiondoke. Gundi ile ni mpira ulioyeyushwa, na minyororo yake imepenya kwenye mpira wa tyubu. Akibandika na kugonga, minyororo ya pande mbili inasokotana. Usugu wa mpira wenyewe unatokana na madaraja ya salfa kati ya minyororo, yanayojengeka mpira ukipashwa joto pamoja na salfa, njia aliyoigundua Charles Goodyear mwaka 1839. Kunasa, kupenya na kemia, vyote kwenye kiraka kimoja.

Nadhani muda wa maswali umefika. Ndiyo, mama, wewe mwenye kitenge cha njano.

(Mama huyo, anayetengeneza vyombo vya plastiki, aliuliza kwa nini supaglu inayoshika vidole vya mtu isishike ndoo iliyopasuka.)

Swali zuri sana, mama yangu. Supaglu huganda ikikutana na unyevu, hata ule mdogo wa kwenye ngozi, ndiyo maana vidole vinanaswa upesi. Ndoo nyingi ni za polipropini au polithini, ambazo molekuli zake ni kaboni na hidrojeni tupu. Hazina mkono wowote ulio wazi, na gundi haitandi juu yake, inakaa kama lile tone kwenye mafuta. Itaganda, kisha itabanduka kama ganda. Viwandani hupitisha mwali wa moto haraka juu ya plastiki hizo ili oksijeni ijishikize, ndipo wino au gundi vikubali. Kwako wewe njia ni joto. Geuza ndoo, tazama ile pembetatu chini: namba 5 ni polipropini, namba 2 ni polithini ngumu. Kata kiraka kwenye chombo kilichokufa chenye namba hiyohiyo, futa mafuta, yeyusha pande zote mbili kwa chuma cha moto kisha uzikandamize mpaka zipoe, ili minyororo ipate muda wa kuingiliana. Fanyia nje, moshi ule si mzuri kwa kifua. Namba zisipofanana minyororo haitachanganyika. Hapo toboa vitundu pande mbili za ufa, shona kwa waya, na ndoo hiyo iwekee mahindi.