Redio Ina Shughuli Gani na Breki?

Ndugu zangu, kisa hiki baadhi yenu mmeshanisikia nikikisimulia. Nakirudia kwa sababu somo lake bado halijaingia.

Julai 2015, St. Louis, Marekani. Mwandishi wa habari Andy Greenberg anaendesha Jeep Cherokee, kama kilomita 110 kwa saa. Kiyoyozi kinaanza kupuliza baridi kwa nguvu zote, naye hajagusa kitu. Redio inapaza sauti. Anazungusha kitufe, wapi! Wipa zinacheza, maji yanarukia kioo, mbele haoni vizuri. Halafu anakanyaga mafuta: injini inanguruma, gari halivuti. Yuko juu ya daraja lisilo na pembeni pa kuegesha, na nyuma kuna lori linakuja. Alikuwa amekubali kujaribiwa, ila hakuambiwa atafanyiwa nini. Wataalamu wa usalama wa kompyuta, Charlie Miller na Chris Valasek, walimfanyia hayo yote wakiwa nyumbani kwa Miller, kilomita 16 hivi kutoka hapo.

Walipitia wapi? Kwenye redio! Ilikuwa na laini ya simu, na mlango mmoja wa mfumo wake, namba 6667, ulikuwa wazi bila neno la siri. Wakaingia, wakabadilisha programu ya chipu inayounganisha redio na nyaya za CAN, zinazobeba amri za breki na gia. CAN ilibuniwa na kampuni ya Bosch miaka ya 1980, gari likiwa halizungumzi na mtu wa nje. Humo ndani amri ikipita inatiiwa. Hakuna anayeuliza imetoka kwa nani. Chrysler, waundaji wa Jeep, ikaita magari milioni 1.4 yakarekebishwe.

Sasa kuna anayesema, "Mwalimu, langu ni la mtumba, halina intaneti." Jibu hili limenichosha. Umefunga GPS, kile kifaa cha kufuatilia gari, ya kuzima injini kwa meseji? Basi gari lako lina laini ya simu. Juzi nilimkuta fundi chini ya dashibodi, amekata waya wa pampu ya mafuta anaupitisha kwenye relei, swichi ya umeme ambayo kifaa hicho huiamuru. Nikamuuliza neno la siri ataweka lipi. "Hilohilo lililokuja nalo." Vifaa vingi vya bei nafuu hutoka kiwandani na 123456! Mwaka 2022 shirika la usalama wa mtandao la serikali ya Marekani, CISA, lilitoa onyo kuhusu kimoja, MV720: mdukuzi angeweza kukata mafuta akiwa mbali.

Na si lazima awe bingwa wa kompyuta. Austin, Texas, 2010, mtu aliyepunguzwa kazi kwa muuza magari ya mkopo alitumia akaunti ya mwenzake kuingia kwenye mfumo wa kuzima magari hayo kwa mbali. Magari zaidi ya 100 yakagoma kuwaka au yakapiga honi ovyo.

Kisa cha magari ya Kia mwaka 2024, ambapo namba ya gari tu ilitosha kulifungulia milango, sikisimulii leo; muda umenibana. Wenye GPS hizo njooni mbele na simu zenu, tubadili neno la siri kabla hamjaondoa magari hapo nje.